Tamasha la Karibiani na Afrika Magharibi hapa Dodoma (Dom): nendeni, ila muwahi msosi

Kwa mnaouliza kama lile tamasha la watu wa Karibiani na Afrika Magharibi kule bustanini Area D linafaa kwenda na familia, linafaa sana tena sana. Kiingilio elfu kumi na tano kwa mkubwa, watoto bure. Wameliweka mwanzoni mwa Agosti kwa sababu tarehe 1 wenzetu wa visiwa vilivyotawaliwa na Mwingereza wanakumbuka sheria ya kufuta utumwa ilipoanza kazi, 1834, halafu tarehe 6 ni uhuru wa Jamaika, 1962. Shida siku hizo mji umejaa wageni wa Nanenane, maonyesho ya wakulima, wanaoenda Nzuguni na bajaji bei juu, panga usafiri mapema.

Msosi sasa. Jollof, wali uliopikwa kwenye nyanya na viungo, ya Naijeria na ya Ghana zilikaa meza mbili zinatazamana, kila upande unakuita, nikala zote na nasema wazi ya Ghana ndo ilinikamata, mchele wenyewe wa kunukia, nyanya imekaangwa ikaiva haina ule uchachu, na ukoko wa chini wanawapa wanaouomba tu kwa hiyo ombeni. Dada mmoja Msenegali alikuwa anawaambia wote wawili kwamba asili ya hicho chakula ni kwao kwa Wawolofu, na yuko sahihi. Kuku wa jerk, ile nyama ya kuchoma ya Jamaika yenye viungo na pilipili, hapana. Pilipili ipo ila moshi hakuna, jerk ya Jamaika anachomwa taratibu juu ya moto wa kuni za mpimento, mti unaotoa kiungo cha allspice, huyu alionja gesi tu, wakati Dom tuna wachomaji wa mnada wa Msalato wanaojua moto kuliko mtu yeyote, wawaite tafadhali. Juisi ya rozela iliyotiwa tangawizi kunyweni, Wajamaika huinywa Krismasi na Waghana na Wasenegali wanayo pia, na hapa kwetu inauzwa kila mahali. Saa kumi jollof zote zilikuwa zimeisha na watu bado wako foleni na tiketi za chakula mkononi, hiyo sio sawa kabisa.

Lakini kilichonifanya niandike ni mziki. MC Mghana alianza na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, watu wakalipuka, halafu zikaja pani za chuma za Trinidad. Kijana aliyezipiga alieleza vizuri kwamba wakoloni kule waliwabana watu na ngoma zao wakahamia kugonga mianzi, baadae vyuma vyovyote walivyookota, mpaka miaka ya 1930 na 1940 wakaweza kuligonga pipa la mafuta likatoa sauti zote za wimbo. Wanangu walisikiliza kimya, na hao hawanyamazi.

Baada yake akapanda mzee wa Kijamaika amekalia sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba mbele vya kudonoa kwa vidole, ndo wanalopigia mento, mziki wa kiasili wa Jamaika, na pembeni yake mzee wetu wa Kigogo na ilimba, nayo ni ya mbao na vyuma vyembamba vya kudonoa kwa vidole gumba. Jamani. Mji huu ni wa kina Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, ilimba tumekua nayo, ila kuisikia ikijibizana na lile sanduku ndo nikaelewa kitu ambacho shule haikunifundisha: watu walivushwa bahari bila kubeba chochote, ila mikono ilikumbuka, wakaunda upya kwa mbao na vyuma walivyovikuta. Wale wazee hawana lugha moja ya kuongea lakini hawakupotezana hata mara moja, mzee wetu akibadilisha mwendo mwenzake yupo naye.

Na hapo ndo waandaaji walipokosea vibaya, wakawakatisha ili DJ aanze, eti ratiba. DJ wa afrobiti tunao kila wikiendi Dom nzima! Wale wazee wangepewa saa nzima na spika nzuri, maana ilimba kwa waliokaa nyuma ilikuwa haisikiki kabisa.

Kulikuwa pia na mhadhara mfupi wa mwalimu mmoja kuhusu Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mkutano wa sita wa Pan-Afrika uliofanyika Dar 1974, mzuri ila waliuweka karibu na jukwaa la watoto, nusu sikusikia.

Fikeni saa nane, kuleni kwanza, kaeni upande wa kushoto wa jukwaa karibu na spika, na mbebe makoti, upepo wa Agosti jioni mnaujua.