Ben Webster na feni ya chumbani: uzoefu wangu na albamu ya saksafoni

Nilianza vibaya. Nilitafuta saksafoni laini ya mahaba, nikaletewa mkusanyiko wa saa tatu wenye picha ya mshumaa na waridi. Ngoma za kompyuta, kinanda kinachonata kama sharubati, na saksafoni iliyosafishwa hadi huwezi kuhisi kama kuna mtu anayeipuliza. Mke wangu akauliza, "Kwani umepiga simu benki?" Kweli, ulikuwa muziki wa kusubirishia wateja. Nikazima.

Wiki iliyofuata nikaipata albamu ya jazi *Ben Webster Meets Oscar Peterson*, iliyorekodiwa Marekani mwaka 1959. Watu ni wanne tu: Webster na saksafoni ya teno, Peterson kwenye piano, Ray Brown kwenye besi, Ed Thigpen kwenye ngoma. Nyimbo saba, hazifiki dakika 40. Teno ni kubwa kuliko saksafoni ya alto na sauti yake iko chini zaidi, pale pale mwanamume anapoongea akiwa hana haraka. Sisi tuliokulia kwenye saksafoni ya kina Verckys wa OK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, tumezoea chombo hiki kituinue vitini. Webster anakukalisha.

Utamu wote uko kwenye pumzi. Sikiliza anavyomalizia kila kipande: sauti inafifia, inafifia, inabaki hewa tupu, fff, kama mtu anayepuliza chai ya moto, na ndani ya hewa hiyo wimbo bado unatembea. Mara ya kwanza nilidhani spika imepasuka. Nikaipigapiga kofi, nikarudisha wimbo nyuma. Wapi, ni yeye. Alikuwa na miaka 50 wakati ule, amepitia bendi ya jazi ya Duke Ellington, na ana lakabu ya The Brute, yaani lijitu korofi. Ukisikia anavyozishika nyimbo za taratibu utashangaa jina hilo lilimfikaje.

Wimbo ninaourudia ni wa tano, *In the Wee Small Hours of the Morning*. Webster hachezi noti nyingi. Anaweka moja, anaiacha ikae, na wewe unajikuta unasubiri inayofuata huku umesahau ulikuwa unalalamikia nini ofisini.

Sasa kasoro. Usiisikilize kwa spika ya simu. Zile sauti za chini zinapotea na anabaki mzee anayekohoa kwa mbali. Toleo la bure la programu ninayotumia nalo lilinikomesha: taa tumeshazima, mke wangu ameegemea bega langu, ghafla tangazo la kubeti likapiga kelele chumba kizima. Alicheka hadi akakaa kitako. Usiku ule ukawa wa vichekesho tu. Kesho yake nikalipia.

Tatizo kubwa zaidi sikulitegemea. Tunaishi Dar, na Dar bila feni hulali. Ila feni ya darini inavuma kwa sauti ileile ya pumzi ya Webster, kwa hiyo inammeza. Nililigundua siku umeme ulipokatika. Spika ilikuwa na chaji, panga za feni zikazunguka taratibu hadi zikasimama, na chumba kikajaa vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: vidole vya Brown kwenye nyuzi za besi, brashi za Thigpen zikisugua ngozi ya ngoma. Mke wangu akaninong'oneza, "Kumbe anapumua kweli."

Nyimbo mbili za mwisho zinachangamka, hazifai kwa aliyekwisha kusinzia. Kwetu zimepata kazi yake. Tano za mwanzo tunazisikiliza feni imezimwa, jasho linatutoka, hakuna anayelalamika. Ya sita ikianza, mmoja wetu ananyoosha mkono ukutani na kuiwasha.