Citizen X: muvi ya yule muuaji wa Rostov, itafuteni jamani

Hii muvi ni ya 1995, kampuni ya TV ya Marekani HBO ndo waliitengeneza, na mimi naona inasahaulika sana watu wakianza kutajiana muvi za wauaji. Inamhusu Andrei Chikatilo wa Rostov, Urusi, enzi za Usovieti. Huyu mtu alishawahi kuwa mwalimu, ana mke na watoto, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, halafu tangu 1978 mpaka 1990 alikuwa anavizia watoto na wanawake kwenye stesheni za treni na mabasi, anawarubuni mpaka kwenye vichaka vya kando ya reli na huko ndo anawamaliza. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji 52.

Muuaji hufichwi, unamjua mapema tu. Presha yote iko kwa Burakov, mtaalamu wa maabara aliyebebeshwa kesi (Stephen Rea, uso wake tu unakuchosha roho), anaomba watu, anaomba vifaa, anaomba wananchi watangaziwe, na wakubwa wa chama wamekaa mezani wanamwambia wauaji wa hivyo wako kwa mabepari, huku kwetu hawapo!! Nilikasirika kweli hapo, maana wakati wao wanalinda jina la nchi, mzazi kule Rostov hana taarifa yoyote na mtoto wake anapanda treni peke yake kila siku. Kwangu mimi hao wana damu mikononi, na muvi haiwaonei aibu.

Halafu kuna 1984. Walimkamata! Hapo hapo Rostov, begi lina kisu na kamba, wakampima damu ikaja kundi A wakati maabara walikuwa wanatafuta mtu wa AB, basi, akaja kufungwa miezi mitatu tu kwa kesi ya wizi akarudi mtaani na akaendelea kuua miaka mingine sita. Sehemu hii unaiangalia unataka kupiga kelele.

Ila kuna kitu ningependa kingepewa nafasi kubwa. Stori ya muvi inaanzia 1982, wakati kule nyuma kuna Aleksandr Kravchenko, alibambikiwa yale mauaji ya kwanza ya 1978, akabanwa mpaka akakiri, serikali ikamuua kwa risasi na hakuwa amefanya. Huyo peke yake anatosha muvi nzima.

Namna alivyonaswa 1990 ni akili tupu: stesheni kubwa wakajaza polisi wenye sare ili aziogope, zile ndogo za msituni wakaweka polisi waliovaa kiraia. Novemba 6 askari pale Donleskhoz, moja ya hizo stesheni ndogo, akamuona katokea msituni ananawa bombani, ana kama damu shavuni, akaandika jina lake akamwachia, baadaye maiti ikapatikana karibu na hapo na Novemba 20 wakambeba. Siku kibao za mahojiano hakusema kitu mpaka akaletwa Dkt. Bukhanovsky wa magonjwa ya akili, akamsomea tu kwa upole yale aliyoyaandika miaka ya nyuma kuhusu muuaji asiyemjua, na jamaa akaanza kulia akafunguka yote. Max von Sydow ndo kacheza huyo daktari, kwangu hii ndo sini bora ya muvi nzima, hakuna ngumi, hakuna kelele, mzee anasoma karatasi tu.

Donald Sutherland ndo kanali Fetisov, alichukua tuzo ya Emmy kwa hii na alistahili, angalia anavyobadilika taratibu kutoka bosi mjanja mjanja wa siasa mpaka anasimama na Burakov.

Mimi naipa 9 kati ya 10. Ni saa moja na dakika arobaini hivi, inaenda polepole, anayetaka risasi na magari kugongana ataboreka. Na tafadhali msiiangalie na watoto sebuleni, waliouawa humo wengi ni wa umri wao na hawakuficha sana.