Nalipia kila mwezi, halafu naimbiwa Mazinger Z na mtu nisiyemjua

"Hizo ni nyimbo za katuni, mpendwa mteja, tofauti ni ndogo sana."

Hayo ndiyo maneno niliyoandikiwa na huduma kwa wateja ya programu ya muziki ninayoilipia, na ndiyo yaliyonikosesha usingizi nikakaa kuandika haya. Jina la programu silitaji, wanaoitumia wataitambua wenyewe. Bei zake, ubora wa sauti, vifurushi vya familia na vya wanafunzi, yote yapo kwenye tovuti yao, someni huko. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo linaitwa Ichiro Mizuki.

Kwa asiyemjua: ukiwahi kusikia wimbo wa roboti wa Kijapani wa miaka ya 70, tarumbeta zinalia kama kuna jeshi linaingia mjini na mwanamume anaimba kwa kifua kizima, huenda ulimsikia yeye. Mazinger Z ni wake. Great Mazinger ni wake. Combattler V ni wake. Mashabiki walimwita kaka, na waimbaji wakubwa waliomfuata wakamwita hivyo hivyo.

Nilimjua kwa njia ya kuzunguka. Kaka yangu alikulia Mascut kwa baba mdogo, na watoto wa Uarabuni wa rika lake walilelewa na Grendizer, lile roboti lenye pembe lililotiwa sauti za Kiarabu Lebanoni, wimbo wake ukaimbwa na marehemu Sami Clark. Akija Tanga likizo alikuwa anauimba kutwa mpaka mama anamfukuza jikoni. Mimi mdogo mtu nikawa nataka kujua zaidi. Kumbe Grendizer ana wakubwa zake wawili, Mazinger Z na Great Mazinger, wote wametoka kwenye kalamu ya mchora katuni Go Nagai. Nikaenda kumsikiliza huyo mkubwa kabisa kwa Kijapani, nisielewe hata neno moja, na tangu siku hiyo sijatoka.

Sasa sikilizeni nilichofanyiwa.

Jioni moja hivi karibuni nimetoka kazini nimechoka, nikataka Mazinger Z. Nikaandika Mizuki. Wa kwanza kutokea ni Nana Mizuki. Simlaumu hata kidogo, ni mwimbaji hodari na yeye, mwigizaji wa sauti aliyeimba hadi kwenye uwanja mkubwa wa Tokyo Dome. Lakini siye niliyemtaka. Nikashuka chini, chini, mpaka nikampata Ichiro. Ukurasa hauna picha. Nyimbo zimepangwa safu ndefu, majina yote yapo, na karibu zote zimepakwa kijivu. Ukigusa, unaambiwa haupatikani katika eneo lako. Babel II, haupatikani. Tekkaman, haupatikani. Kamen Rider X, haupatikani.

Halafu nikauona, Mazinger Z, umeandikwa kwa rangi nzito, unachezeka. Jalada lina mchoro wa roboti. Nikaweka spika juu ya meza, nikaongeza sauti.

Siyo yeye!

Hakuna tarumbeta, ni kinanda cha umeme kinajifanya tarumbeta. Ngoma ni ile ya kompyuta, tik tak, tik tak, haipumui. Na anaimba kijana fulani mwenye sauti laini, anasindikiza wimbo mpaka mlangoni badala ya kuuingiza ndani. Na ile Z! Anayemjua Mizuki anajua kwamba Z ndiyo roho ya kila kitu. Anaishika, anaivuta, "Zeeeeeto", akiwa jukwaani ukumbi mzima unaipiga pamoja naye. Ilikuwa salamu yake, ilikuwa muhuri wake. Huyu kijana ameitema tu, zeto, basi, wimbo umekwisha. Jina lake lilikuwa limeandikwa chini kabisa kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima lazima ainamie simu.

Najua mambo haya yanavyokwenda. Haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili. Wimbo alitunga Michiaki Watanabe, ila ile rekodi ya 1972 ni mali ya Nippon Columbia, na kampuni ya rekodi ndiyo inayoamua nchi gani ipewe na nchi gani inyimwe. Mtu mwingine yeyote akilipia haki ya utunzi anaweza kuingia studio na kinanda chake akauimba upya, akaupeleka dunia nzima. Hata miaka ya 70 huko Japani kulikuwa na kanda na santuri za bei rahisi zilizojaa nyimbo za katuni zilizoimbwa na watu wengine kabisa, mzazi ananunua akidhani ni zenyewe, mtoto anafika nyumbani analia. Kwa hiyo sishangai kwamba rekodi za kuigiza zipo. Kinachoniuma ni programu inayopokea pesa yangu kuniwekea hiyo mbele, kwa herufi nzito, chini ya jina nililolitafuta mimi, ilhali mwenyewe kafichwa kwenye kijivu.

Na afadhali angekuwa mwimbaji wa kupita. Huyu mtu alizaliwa Tokyo mwaka 1948, akaanza kuimba nyimbo za kawaida za watu wazima mwaka 1968, hazikuvuma. Mwaka 1971 akapewa wimbo wa Genshi Shonen Ryu, katuni ya kijana wa zama za kale, na mwaka uliofuata ikaja Mazinger Z. Wakati ule kazi hiyo haikuwa ya kujivunia. Santuri za katuni zilihesabiwa bidhaa za watoto, kwenye jalada anakaa roboti, mwimbaji haonekani. Mwenye ndoto za jukwaa kubwa angeimba mmoja, akachukua pesa yake, akaondoka. Mizuki akabaki. Akabaki nusu karne! Mwaka 1973 Babel II, 1974 Great Mazinger na Kamen Rider X, 1975 Tekkaman na Kamen Rider Stronger, 1976 Combattler V, 1978 Captain Harlock. Katikati ya yote hayo akawa anaimba na watoto kwenye kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, kiitwacho Okaasan to Issho, miaka kadhaa. Nyimbo alizorekodi maishani zinapita 1,200.

Mwaka 1999, mwezi wa 8, alisimama kwenye ukumbi wa Ziwa Kawaguchi, chini ya mlima Fuji, akaimba nyimbo 1,000 kwa saa 24. Elfu moja. Alikuwa ameshapita miaka 50. Nimejaribu kuwaza koo la binadamu linavyokuwa alfajiri, bado una mia kadhaa mbele yako, na kila mmoja ni wa kupaza sauti, hakuna wa kubembeleza. Kisha mwaka 2000 akaanzisha kundi la JAM Project akiwa na waimbaji wenzake Hironobu Kageyama, Masaaki Endoh, Eizo Sakamoto na Rica Matsumoto, ili nyimbo hizi zisife, na baadaye akapunguza kushiriki akawaacha wadogo zake waendeshe. Mtu kaimba nyimbo elfu kwa siku moja, na programu yangu inashindwa kunipa mmoja!

Ndipo nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu. Nikaeleza kwamba wimbo ulio chini ya jina la Ichiro Mizuki haukuimbwa na Ichiro Mizuki, nikaomba warekebishe, nikauliza pia zile za kijivu zitafunguliwa lini. Nikangoja. Akajibu dada mmoja.

"Karibu sana mpendwa mteja. Tumeangalia, wimbo unacheza vizuri."

Nikamwambia, dada yangu, sijasema hauchezi, nimesema aliyeimba ni mtu mwingine.

"Umeandikwa Mazinger Z, ndio huo huo."

Nikamwambia wimbo ndio huo, mwimbaji siye. Nikamtolea mfano, nikamuuliza, ukitafuta taarabu ya Siti binti Saad ukaletewa mtu wa juzi anaimba maneno yale yale, utasema ni Siti? Kimya kirefu. Nikaona zile nukta tatu zinacheza, zinapotea, zinacheza tena. Ndipo akaniletea lile jibu la nyimbo za katuni na tofauti ndogo. Akaongeza: "Tunakushauri usikilize orodha yetu maalumu ya nyimbo za watoto wakati wa kulala." Akafunga mazungumzo yeye, kisha nikaletewa ujumbe wa kunitaka nipime huduma niliyopewa.

Nyimbo za watoto wakati wa kulala! Mazinger Z haikuimbwa ili mtoto alale. Iliimbwa ili mtoto aliyelala aamke, akimbie kwenye runinga, asimame. Angesema "hatuna haki za nchi yako, tunasikitika", ningemwelewa na ningenyamaza. Kinachouma ni kule kudharau. Dharau hii hii ndiyo iliyomfanya mwimbaji asionekane kwenye jalada la santuri miaka hamsini iliyopita, na sasa inatoka kwa mtu aliyeajiriwa na kampuni ya muziki.

Nikaamua kufuta akaunti. Nilishafika mpaka pale wanapokuuliza una uhakika.

Lakini lazima niseme na hili, maana ningelificha ningekuwa nawaonea. Kabla ya kubonyeza, nikajaribu mara ya mwisho, nikatafuta kwa jina la filamu badala ya jina la mwimbaji. Japani ilitoka filamu mpya ya Mazinger Z mwezi Januari 2018, mwezi ule ule aliotimiza miaka 70, na Mizuki aliuimba upya wimbo wake mwenyewe kwa ajili yake. Ukatokea. Rangi nzito. Nikagusa, nikisubiri nisikie kinanda cha umeme.

Akaingia mwenyewe.

Sauti imeshuka kidogo, ina mchanga ndani yake, ila hajapunguza hata hatua moja. Mzee wa karibu miaka 70 anaimba wimbo alioufungua akiwa kijana wa miaka 24, na hauimbi kwa kumbukumbu, anauimba kana kwamba roboti bado liko bandani linamngoja. Bendi ni nzito zaidi ya ile ya zamani, gitaa zimejaa, naye amezipita zote. Ile Z ipo. Nilisimama. Nikaurudia mpaka jirani akagonga ukuta.

Pembeni yake nikakuta Captain Harlock nao unachezeka, rekodi ya kweli, na huo ndio ningempa mtu anayedhani Mizuki ni kelele tu. Anauanza chini, anauacha uende polepole, mtu yuko peke yake kwenye chombo katikati ya giza na hana haraka ya kufika. Hapo ndipo unajua kwamba kupaza sauti kulikuwa uamuzi wake, siyo upungufu. Usiku ule niliandika nyota nne. Niliziandika kweli, na maneno ya kuwashukuru nikayaweka.

Asubuhi nikayafuta. Nilikuwa nimekumbuka alivyomaliza.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kusumbua, akapimwa, ikagundulika ni saratani ya mapafu, na ilikuwa imeshasambaa. Watu walitangaziwa katikati ya mwaka 2022. Mwingine angejifungia ndani. Yeye akaendelea kupanda jukwaani. Tarehe 27 Novemba 2022 aliimba pamoja na Mitsuko Horie, mwenzake wa tangu zama zile za mwanzo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tarehe 6 Desemba akafariki, ana miaka 74. Mwaka huo huo, mwezi wa 6, alikuwa ametangulia Michiaki Watanabe mwenye tuni, na mwezi wa 2 alitangulia Sami Clark aliyewaimbia kina kaka yangu. Mwaka mmoja uliwazoa wote watatu.

Mtu ameimba mpaka siku tisa kabla ya kufa, halafu nimeambiwa kwamba yeye na yule kijana wa kinanda tofauti yao ni ndogo. Hapana. Nne ni nyingi mno.

Ninachokitaka si kikubwa. Rekodi za kuigiza zitolewe kwenye ukurasa wake, ziwekwe kwenye kurasa za waliozirekodi, na wao wapate jina lao kwa herufi zinazosomeka, maana nao wamefanya kazi. Zile za kijivu zisiwe zinaonyeshwa kama hazichezi, au tuambiwe ni kwa nini. Na wafanyakazi wa huduma kwa wateja wafundishwe kwamba anayelipia muziki amelipia mwimbaji pia. Hayo yakifanyika nitarudi hapa na kuandika tano kwa mkono wangu. Kwa sasa nawapa mbili, moja ya Harlock na moja ya ile ya 2018, na mwisho wa mwezi kifurushi kikiisha sina hakika kama nitalipia tena. Pengine nitalipia. Sijui ile ya 2018 nitaisikia wapi kwingine.

Kaka yangu amenitumia CD ya Mizuki kutoka Mascut kwa mgeni aliyekuja, ni rekodi zenyewe za Columbia, na ninayo hapa mezani. Sina cha kuichezea. Kama kuna mtu hapa Tanga anauza redio ya CD inayofanya kazi, siyo ile ya kuruka ruka, aandike hapa chini bei yake, nitaifuata mwenyewe.