EEBO kwa mwanafunzi wa uzamili: inakofaa na inakopoteza

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Early English Books Online, kwa kifupi EEBO, hazina ya mtandaoni ya vitabu vya kale vya Kiingereza, ni kwamba kurasa unazoziona ni picha za mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa. Kampuni ya University Microfilms ya Ann Arbor, Marekani, ilianza kuvipiga picha vitabu hivi miaka ya 1930, na filamu hizo ndizo zilizokuja kuskaniwa. Basi wino mwekundu hutokea mweusi, wino wa upande wa pili wa jani hupenya ukafanana na nukta au mkato, na maneno ya karibu na mshono humezwa na kivuli. Ukubwa nao hupotea: kijitabu cha mfukoni na kitabu cha kubeba kwa mikono miwili hujaza kioo sawasawa.

Hata hivyo, anayeandika tasnifu juu ya fasihi ya Kiingereza ya karne ya 16 na 17 hana pengine pa kuanzia panapozidi hapa. Humo mna vitabu zaidi ya 125,000. Kinachotufurahisha zaidi ni mkusanyo wa George Thomason, muuza vitabu wa London aliyeweka vijitabu takriban 22,000 kati ya 1640 na 1661. Vingi aliviandikia tarehe kwa mkono wake, na mwandiko huo unaonekana kwenye picha. Mtafiti wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza anaweza kufuata mabishano siku kwa siku, jambo ambalo mwaka uliochapwa chini ya jina la kitabu haumpi.

Picha kwa kawaida zinataka usajili wa chuo. Maandishi yaliyonakiliwa na mradi wa Text Creation Partnership (TCP) ni bure: fungu la kwanza, zaidi ya 25,000, liliachiwa Januari 1, 2015, la pili 2020, na sasa jumla imepita 60,000. Yalipigwa chapa na watu, maana kompyuta hukwama kwenye herufi nene za Kigothi na ile s ndefu inayofanana na f. Kazi ni safi sana, ila ina mitego. Herufi isiyosomeka imewekewa nukta nene, kwa hiyo ukitafuta “mercy”, “m•rcy” haitatokea. Maneno ya Kigiriki yamerukwa. Tena kwa kawaida kila kazi ilinakiliwa toleo moja, mara nyingi la kwanza. Usiseme mwandishi hakubadili neno kabla hujafungua picha za matoleo yaliyofuata.

Tahajia ndiyo huwaangusha wengi. Wachapaji wa wakati ule waliweka v mwanzoni mwa neno na u katikati, kwa hiyo tafuta “vpon” na “loue”, “iustice” badala ya “justice”, na “murther” pamoja na “murder”. Tovuti ya EarlyPrint imeyapa maneno ya TCP umbo la kamusi, hivyo utafutaji mmoja hukusanya tahajia nyingi.

Ukishalipata neno, lihakiki kwenye picha, kisha nukuu kwa saini ya karatasi, yaani herufi na namba iliyochapwa chini ya ukurasa. B2r maana yake jani la pili la karatasi B iliyokunjwa, upande wa mbele. Namba za kurasa za zama hizo zilikosewa mno, usizitegemee. Andika pia ni maktaba gani inamiliki nakala iliyopigwa picha. Imetajwa kwenye maelezo ya kitabu.

Hilo la nakala lina uzito wake. Wachapaji walisahihisha huku mashine ikiendelea, na karatasi zenye makosa hawakuzitupa. Zilifungwa pamoja na zilizosahihishwa. Za King Lear, tamthilia ya Shakespeare, chapa ya 1608, zimesalia nakala 12. Mhusika Edgar anapomwona baba yake aliyepofushwa akija, baadhi zinasoma “poorlie,leed”, mzee anayeongozwa kinyonge. Nyingine “parti,eyd”, mwenye macho ya rangi mchanganyiko. Sura nzima juu ya upofu inaweza kuegemea hapo, na aliyefungua nakala moja hajui kama kuna neno la pili.

Ndipo safari ya maktaba inapostahili nauli. Maktaba ya Folger ya Washington ina nakala 82 za Folio ya Kwanza, mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa 1623, peke yake. Peleka orodha fupi ya saini unazozitilia shaka, pamoja na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Nawa mikono uikaushe; kwa karatasi, glavu hupunguza wepesi wa vidole na jani huweza kuchanika. Kisha tazama ile nukta kwa mwanga wa pembeni: alama iliyogandamizwa na herufi ya madini ya risasi huacha kishimo kwenye karatasi, wino uliopenya hauachi.