Huduma ya kukarabati vitabu ya wakutubi, Kirumba: kazi nzuri, foleni sasa!

Natunza maktaba ya shule ya msingi huku Ilemela, chumba kimoja chenye rafu ambazo mchwa wanazifahamu kuliko wanafunzi. Niliposikia chama cha wakutubi wa hapa Mwanza kinakarabati vitabu Jumamosi, nikapakia boksi langu kwenye bodaboda.

Kazi yao safi. Mama mmoja alichukua kitabu cha sayansi kilichobanduka mgongo, akakwangua taratibu selotepu ya enzi za mtangulizi wangu (“Hii inaharibu karatasi, mwalimu, usiirudie”), akapaka gundi nyeupe kwa brashi, akakibana kati ya mbao mbili na tofali juu. Kilipokauka kikafunguka vizuri, hakuna ukurasa uliochomoka. Wakanielekeza pia kupanga kwa namba za Dewey, mfumo wa maktaba unaopa kila mada namba yake: uvuvi 639.2, ufugaji wa samaki 639.3. Watoto wa wavuvi sasa wanaifuata rafu hiyo wenyewe.

Lawama yangu ni foleni, halafu gundi iliisha saa sita, wengine tukaambiwa turudi wiki ijayo. Vifaa wanachangishana wenyewe, kwa hiyo sipigi kelele sana. Unalipia gundi tu. Wahi asubuhi, na kitabu kilicholowa kikaushe kwanza kivulini. Kikiwa na unyevu hawakipokei.