Msaada wa kisheria wa bure hapa Kigoma: nawapa nyota 4, moja naishikilia kwanza

Nianze na kisa chenyewe maana bila hicho hamtaelewa kwanini nasifia ofisi ya chumba kimoja yenye benchi linaloyumba. Mpwa wangu ana miaka 11, alipigwa na mwenye mitumbwi mmoja kule Kibirizi, mtu mzima na hela zake, eti dogo kamchotea dagaa kwenye kichanja. Mkono ukavunjika. Dada akaenda polisi akapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), tukampeleka hospitali ya Maweni wakamfunga POP (plasta gumu), jalada likafunguliwa, tukasema haya sasa tusubiri. Wiki mbili hazijaisha jamaa naye kafungua kesi za kwake, tena mbili: ya kwanza dogo kaiba sado nzima ya dagaa, ya pili dada kamtolea matusi mbele za watu siku ile alipomfuata kumuuliza kwanini kamvunja mtoto. Yaani aliyevunja mkono ndo mlalamikaji, mwenye POP ndo mtuhumiwa.

Samansi ya dada ililetwa tukiwa tunakula, ugali na migebuka, hakuna aliyemaliza. Dada alishasema basi, tufute tu yaishe. Mimi ndo nikasikia kwa jirani kuna wasaidizi wa kisheria hawachukui hela, nikamwambia twende kwanza.

Mara ya kwanza tulikuta pamefungwa (ijumaa mchana, hakuna hata karatasi mlangoni ya kusema wanarudi lini, hapo nilikasirika kwakweli). Jumatatu tukamkuta mama mmoja wa makamo. Shikamoo mama, marahaba baba, kaeni. Nikaanza kuhadithia akanikatisha, anataka makaratasi kwanza. Akachukua kalenda ya zamani akaigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu nyekundu tarehe mtoto aliyopigwa, tarehe ya PF3, namba ya RB (ile ya taarifa yetu polisi), halafu chini yake tarehe za huyu bwana. Akatusogezea, "someni wenyewe." Za kwake zote zimekuja baada ya yeye kuitwa polisi kuhojiwa. Tulikuwa na hizo karatasi kwenye mfuko wa rambo muda wote na hatujaliona hilo aisee.

Akauliza umri wa mtoto. Kumbe kwenye maelezo yake jamaa kamtaja dogo kama kijana wa miaka 15. Mama akasema hapo ndo penyewe, maana kisheria mtoto chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na kuanzia 10 mpaka hajafika 12 ni lazima wanaomshtaki wathibitishe kwamba alikuwa na akili ya kujua anachofanya ni kosa. Na hata wakifika huko inakuwa Mahakama ya Watoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, watu hawajazani kusikiliza, na ustawi wa jamii lazima wawepo. "Kadi ya kliniki iko wapi?" Dada akarudi nyumbani na bodaboda, akapekua begi la vitenge mpaka akaipata, mende wameila pembeni ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka vizuri tu. Tukaitoa kopi tukaipeleka dawati la jinsia na watoto la polisi. Tangu hapo ile ya wizi hatujaitwa tena.

Ila kilichonifanya niandike haya ni cha wazee. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi haiendi ziwani, watu wana nafasi, wakaja wazee watatu nyumbani na maneno matamu, nyie majirani, kila mtu afute ya kwake mnywe maji yaishe. Nikampigia yule mama palepale. Akaniambia "Baba, ya mtoto kuvunjwa mkono ni kesi ya Jamhuri, serikali ndo inashtaki, nyie humo ni mashahidi, hamna cha kubadilishana naye." Nikawarudishia wazee hivyohivyo nilivyoambiwa. Wakaaga. Mpaka leo nadhani zile kesi mbili zilifunguliwa kwa ajili ya jioni ile tu.

Kuna mtu pia alishatuambia tuandae elfu hamsini ya dhamana ya dada. Mama alicheka, dhamana hainunuliwi, nendeni na mdhamini mwenye barua ya mtaa na kitambulisho. Tukaenda hivyo ikakubalika.

Sasa mjue kabla hamjaenda, hawa sio mawakili, hawasimami mahakamani, dada alisimama mwenyewe Mahakama ya Mwanzo. Ila walimfanyisha mazoezi, anauliza maswali mafupi moja moja. Akawauliza mashahidi wa jamaa tusi lilikuwa lipi, huyu kasema hivi yule kasema lingine kabisa. Hakimu kaandika. Bado hukumu. Fotokopi mnajilipia, na fikeni kabla ya saa tatu maana wakishajaa mnakaa juani.

Nyota niliyoinyima ni hii. Ofisi haina siri. Siku ya pili tulikuta binti wa sekondari na mama yake, naye kashtakiwa na ndugu wa mtu aliyemfanyia mambo mabaya, eti katoa taarifa za uongo, na anatakiwa aeleze yote pale huku sisi tumekaa benchi lilelile tunasikia. Akawa anaongea na magoti yake. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye muembe, wengine hawakutoka. Nilimwambia yule mama, akasema chumba ndo hicho, na ni kweli. Dada ana kitenge kizito cha ziada na mimi nina misumari, tarehe ya kesi tukipita huko tutawatundikia pazia pale katikati, nikishaona linavutika nyota yao ya tano nitairudisha.