Monita na Kompyuta ya Kugredi Video: Pesa Ianzie Wapi?

Wahariri wengi wa video huiendea bajeti yao namna moja: kompyuta inakula karibu yote, na kinachobaki kinanunua monita yoyote iliyopo dukani. Kwa kukata na kupanga vipande, haina shida. Kwa kugredi rangi, yaani kurekebisha rangi na mwanga wa picha, mambo yanageuka. Kompyuta dhaifu itakuchelewesha, na utaona kabisa kwamba inakuchelewesha. Monita isiyosema kweli itakupotosha, nawe utalala usingizi mzuri mpaka mteja apige simu.

Inavyopotosha ni hivi. Monita nyingi za ofisini hutoka kiwandani na weupe unaoelekea bluu, mwanga umepandishwa ili ing'ae kuliko jirani yake pale dukani. Unafungua video ya harusi, uso wa bibi harusi unaonekana umepauka, una ukijivu. Unaongeza chungwa, unagusa wekundu kidogo, sasa amependeza. Faili inafika kwenye simu ya shangazi yake, bibi harusi ana rangi ya tofali na shela imekuwa njano.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi: monita pamoja na sensa ya rangi (kifaa cha kupima rangi za kioo) kwanza, kadi ya grafiki ya pili, mengine yafuate.

Unachotafuta kwenye monita

Kazi ya televisheni ya kawaida na YouTube inafanywa kwa kipimo cha Rec.709: weupe wa D65 (kama wa mchana, kelvini 6500), mwanga wa niti 100 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo), gama (namna mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe) ya 2.4 kwenye chumba chenye mwanga hafifu, au 2.2 kama chumba kina mwanga zaidi. Rangi za msingi za Rec.709 ni zilezile za sRGB, kipimo cha kawaida cha kompyuta, kwa hiyo monita inayofikia sRGB kwa asilimia 100 inakutosha. Usibabaishwe na kibandiko cha HDR400 (HDR ni picha yenye mwanga mpana kuliko kawaida). Kinamaanisha monita inafika niti 400 tu, haidaiwi hata kuwa na uwezo wa kuzima taa ya nyuma sehemu kwa sehemu, na hakuna anayegredi HDR ya kweli juu yake.

Wapo watakaokwambia: "Si watazamaji wote wako kwenye simu? Monita ya nini?" Simu moja inavuta kijani, nyingine inakoleza kila kitu, ya tatu ina kioo cha bei nafuu. Kila moja inakosea kwa upande wake. Ukigredi katikati, kila mtu atakosa kidogo. Ukigredi ukiwa umeshaegemea pembeni, kuna watazamaji watakaokosa mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa ASUS ProArt PA248QV. Inchi 24.1, paneli ya IPS (kioo ambacho rangi hazibadiliki sana ukitazama pembeni), pikseli 1920 kwa 1200, sRGB na Rec.709 asilimia 100. Si 4K, na hilo halinisumbui: rangi ya ngozi haihukumiwi kwa wingi wa pikseli. Picha ya 1080p inakaa humo pikseli kwa pikseli. Zaidi ya yote, bei yake inakuachia fedha ya sensa, na monita hii iliyopimwa kwa sensa inaishinda ya bei mara mbili ambayo haijawahi kupimwa.

Ya pili ni ndugu yake mkubwa, PA279CV, inchi 27 ya 4K. Upana wa rangi ni uleule. Unacholipia ni ukali wa picha na tundu la USB-C linalochaji laptopu kwa wati 65 kupitia kebo hiyohiyo ya picha. Anayefanya kazi kwa laptopu aiangalie hii kwanza.

Ya tatu, BenQ za mfululizo wa SW, kama SW270C. Hapa kuna tofauti ya msingi: marekebisho ya sensa yanahifadhiwa ndani ya monita yenyewe. Unaweza kuichomeka kwenye kompyuta yoyote au kisanduku cha kutolea picha (nakieleza hapo chini), na bado itasema kweli. Kama unalipwa na kampuni za matangazo, hapa ndipo pa kupanda.

EIZO ColorEdge za CG zina sensa iliyofichwa kwenye fremu, inayojitokeza na kujipima yenyewe. Ni chombo kizuri mno. Naiweka mwisho kwa sababu ya bei tu: studio nyingi ndogo zingenunua kompyuta nzima kwa fedha hiyo. Televisheni ya OLED ya inchi 42, kama LG za mfululizo wa C, ni nzuri kumwonyesha mteja akiwa kwenye kochi, lakini usiifanye meza ya kazi. Menyu zinazokaa palepale kutwa huweza kuacha alama kwenye kioo.

Monita za gemu zilizopinda, zenye paneli ya VA, ziache. Ukisogeza kichwa kidogo, vivuli vinabadilika, na ngozi nyeusi inaishi kwenye vivuli hivyo.

Ukiwa dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na flashi yenye picha moja ya kijivu tupu. Ijaze kioo kizima. Tazama pembe nne: kuna iliyoingia njano au uwaridi? Simama pembeni, tazama tena. Kisha igeuze monita usome kibandiko cha nyuma, maana boksi na kilichomo si lazima viwe ndugu.

Sensa na kisanduku

Sensa ziko za Calibrite na za Datacolor Spyder. Yoyote ya daraja la kati inatosha, na programu ya DisplayCAL ni ya bure. Washa monita nusu saa kabla ya kupima, ipate joto lake.

Kisanduku cha kutolea picha, mfano UltraStudio Monitor 3G ya Blackmagic, kinachukua picha moja kwa moja kutoka DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kugredi, bila mfumo wa Windows au Mac kuigusa. Kinaishia 1080p, na inatosha. Ila profaili (faili ya marekebisho ya rangi) uliyotengeneza kwenye kompyuta haipiti humo. Tengeneza LUT (jedwali la kubadilisha rangi) kwa sensa, uiweke Resolve kwenye sehemu ya monita ya video. Wengi hawaifanyi hatua hii, kisha wanalaumu kisanduku.

Kompyuta

Resolve inategemea kadi ya grafiki kuliko prosesa, lakini kabla ya kadi jiulize kamera yako inarekodi nini. Sony A7S III, FX3 na A7 IV zinaweza kurekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2, inayohifadhi rangi nyingi kuliko biti 8 za 4:2:0. Faili hiyo ni ndogo kwenye diski lakini ngumu kufungua. Kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kuifungua kwa maunzi mpaka RTX za mfululizo wa 50 zilipotoka 2025. Ndiyo maana mtu ana kompyuta ya gemu ya kutisha, na taimulaini bado inakwama.

Hapo Mac mini ya M4 inachukua nafasi ya kwanza. Ilitoka 2024 kwa dola 599 Marekani, ikiwa na RAM ya GB 16, na inafungua faili hizo bila jasho. Inakula umeme kidogo, kwa hiyo hata UPS ya kawaida itakupa muda mrefu zaidi wa kurenda (kutoa faili ya mwisho) umeme ukikatika. Ubaya wake: RAM haiongezwi baadaye, na diski ya GB 256 ni finyu, hivyo weka SSD ya nje kwenye hesabu tangu mwanzo.

Inayofuata ni PC yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi na kadi ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12. Mwuzaji atakusukumia RTX 4060 kwa kuwa ni mpya zaidi. Ni kweli ina kasi, lakini ina GB 8, na ukiweka taimulaini ya 4K pamoja na kuondoa chenga (punje zinazoonekana kwenye picha za gizani), Resolve itakwambia kumbukumbu ya GPU imejaa, kazi imesimama. Jambo la pili: prosesa ambayo jina lake linaishia na herufi F, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani, na grafiki hiyo ndiyo inayokufungulia zile faili za 4:2:2. Herufi moja, hasara kubwa. RAM weka GB 32.

HP Z440 na Dell Precision za mtumba zina maboksi imara na bei ya kuvutia. Prosesa zake nyingi za Xeon hazina grafiki ya ndani, hivyo zinamfaa anayerekodi biti 8 za 4:2:0, au aliye tayari kutengeneza proksi (nakala nyepesi za video) kila kazi. Hakikisha pawa saplai ina kebo za kadi unayotaka kuiweka.

Laptopu ya gemu ni ya mwisho kwangu. Kioo chake utakibadilisha kwa monita hata hivyo, na joto likipanda kasi inashuka.

Kabla ya kulipia mashine, fungua faili za kamera yako humo ndani ya Resolve; kwenye Windows, toleo la bure huenda likakataa faili za biti 10 za 4:2:2. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja. Kinachowasukuma wengi kulinunua ni kuondoa chenga, maana toleo la bure halina.

Chumba ni rahisi: pazia zito, ukuta wa kijivu nyuma ya monita, taa hafifu ya kelvini 6500. Zile taa za zambarau zinazopamba studio siku hizi zizime unapogredi. Zimulike ukiwa unapiga picha za Instagram.

Kama bei ya sensa inakukwaza, changieni watatu au wanne wenye studio za karibu. Kupima monita moja hakumalizi saa, na mara moja kwa mwezi inatosha.